Maswali na Majibu ya Kamera: Toleo Jipya Limetoka, la Zamani Tulifanyeje?

Barua nyingi za safari hii ni za wenye kamera za DSLR (zenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) wanaoona namba mpya dukani na kuanza kupoteza imani na kamera iliyo mkononi. Tumechagua saba.

Wahariri, hamjambo. Ninapiga harusi na kipaimara kwa Canon 600D. Mwenzangu kanunua 700D na anasema picha zake zimeniacha mbali. Niuze yangu niongeze pesa? (Mpiga picha, Morogoro)

Kwa upande wa picha za mnato, usiuze. 550D ya 2010, 600D ya 2011, 650D ya 2012 na 700D ya 2013 zote ni za megapikseli 18, na ubora wa picha haukusogea kwa kiasi cha kumfanya mteja aone. Weka lenzi ileile, mwanga uleule, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 400, kisha changanya picha: hata huyo mwenzako hatajua ipi ni yake.

Hii haina maana kwamba kamera hizo ni kitu kimoja. 600D ina pointi 9 za fokasi, lakini ya katikati tu ndiyo ya msalaba, yaani inayosoma mistari ya wima na ya mlalo. 700D zote 9 ni za msalaba. Maharusi wakiwa wamesimama pembeni mwa fremu kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, pointi za pembeni za 600D huhangaika mbele na nyuma, za 700D hushika. Kasi nayo imepanda kutoka picha 3.7 hadi 5 kwa sekunde. Skrini ya 700D unaigusa. Betri ni ileile LP-E8, kwa hiyo betri za akiba na chaja havipotei.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye video, na wauzaji hawaisemi. 600D hukata video faili likifika GB 4, ambazo kwa full HD ni kama dakika 12. Lazima ubonyeze tena, na ndipo padri anapomaliza kusema yale ya muhimu. 650D na 700D hufungua faili jingine zenyewe na kuendelea hadi dakika 29 na sekunde 59. Kama unarekodi ibada nzima, hiyo ni sababu halali ya kubadilisha. Lakini ukibadilisha kwa ajili hiyo, tafuta 650D. Ilitoka Juni 2012, na 700D ikatangazwa Machi 2013, hata mwaka haujaisha. Kilichobadilika ni gurudumu la modi linalozunguka duara zima, rangi ya nje, vichujio vya madoido unavyoviona kabla ya kupiga, na lenzi mpya ya 18-55 STM ndani ya boksi. Angalizo moja tu: kuna 650D za mwanzo ambazo raba ya mshikio hugeuka nyeupe. Canon yenyewe ilitoa tahadhari mwaka 2012 kwamba raba hiyo yaweza kuwasha ngozi. Ukiona weupe pale vidole vinapokaa, iache.

Kama kazi yako ni picha tu, pesa hiyo nunua lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM. Lenzi ya boksi ukiivuta mpaka mwisho inabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga ni mwingi). Kutoka hapo hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi, na hakuna namba mpya ya bodi (kamera bila lenzi) katika daraja hili iliyowahi kukupa ongezeko hilo. Kwenye 600D lenzi hiyo huona kama 80mm, kwa hiyo kanisa likiwa dogo utalazimika kurudi nyuma.

Siku ukitaka bodi nyingine, ruka madaraja. 80D ya 2016 ina pointi 45 za fokasi, zote za msalaba, na tundu la hedifoni la kusikilizia sauti unayorekodi. 6D ya 2012 ni ya fremu kamili, yaani sensa yake, kipande kinachopokea picha, ni kubwa kama filamu ya 35mm, na usiku iko raha mustarehe, ila lenzi yako ya 18-55 ya EF-S (aina ya kamera za sensa ndogo) haiingii kwake hata kidogo, na usijaribu kuilazimisha.

Flashi yangu ya Yongnuo YN560 ilikuwa inawaka vizuri kwenye Canon 1100D. Nimenunua 2000D mpya kabisa, flashi haiwaki. Muuzaji anasema flashi imekufa. (Msomaji, Kisumu)

Flashi haijafa. Itoe, kisha angalia juu ya kamera kwenye reli inakokaa flashi. Kamera za Canon kwa miaka mingi zimekuwa na kitufe kimoja kikubwa cha shaba katikati na vinne vidogo pembeni yake. Kile cha katikati ndicho kinachoiambia flashi yoyote duniani “waka sasa”. Kwenye 2000D, 4000D na 250D Canon ilikiondoa, ikabakiza vile vidogo vinavyozungumza lugha ya flashi zake za E-TTL (zinazopangiwa nguvu ya mwanga na kamera). YN560 haina lugha hiyo, inasubiri kitufe cha katikati ambacho hakipo. Trigga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) za bei nafuu za studio zinakwama kwa sababu hiyohiyo.

Unachoweza kufanya leo bila kununua kitu: YN560 ina modi za S1 na S2, ambazo huwashwa na mwanga wa flashi nyingine. Toa flashi kwenye kamera, iweke pembeni juu ya stendi, chagua S2, inua flashi ndogo ya kamera yako na upige. Usichague S1. Flashi ya 2000D hutoa mmweko mdogo wa kupima kabla ya ule wenyewe, na S1 itawaka kwa huo wa kwanza, kabla shata (pazia la mbele ya sensa) haijafunguka. S2 huupuuza. Zima pia kipunguza macho mekundu. Kidirisha cha kupokea mwanga kwenye flashi kielekee kamera. Ndani ya chumba hii kazi inakwenda vizuri, lakini nje saa sita mchana jua huimeza ile flashi ndogo na YN560 haioni kitu.

Ukitaka flashi ya kukaa juu ya kamera, ya Canon yenyewe ya E-TTL itafanya kazi. Za kampuni nyingine, hata zilizoandikwa E-TTL, baadhi hukataa. Nenda dukani na bodi yako, ifunge, piga mara tano, ndipo ulipe.

Kwa wengine wanaotaka kununua bodi ya daraja hili, mtumba au mpya: kagua kitufe hicho kwa macho yako kabla ya kuuliza bei. 4000D pia ina mdomo wa plastiki pale lenzi inapofungwa, na haina kigurudumu cha kurekebishia jicho kwa anayevaa miwani. Sisi hatuipendekezi kwa mtu anayekula kwa kamera.

Ndugu yangu amenitumia kamera kutoka Japani, imeandikwa Kiss X7i. Mbona sijawahi kuisikia? Ni feki? (Msomaji wa kike, Zanzibar)

Si feki, dada. Ni 700D. Canon huipa kamera hiyohiyo majina matatu: Japani Kiss, Marekani Rebel (yako kule ni Rebel T5i), kwingineko namba yenye herufi D. Lenzi, betri na chaja ni zilezile. Kwa kamera yoyote iliyouzwa Japani, ya kampuni yoyote, ingia menyu ya lugha uhakikishe Kiingereza kipo.

Nina Nikon D5100. Lenzi ya boksi ilianguka, nikanunua nyingine ya 18-55 iliyotoka kwenye D3400. Inafunga vizuri, lakini haifokasi kwa otomatiki wala kwa mkono, picha zote ukungu. Fundi anataka kuifungua. (Mwanafunzi, Arusha)

Mzuie fundi. Soma maandishi ya kuzunguka lenzi: utakuta AF-P, si AF-S. AF-P ni aina ya mota ambayo Nikon ilianza kuiweka kwenye lenzi za boksi mwaka 2016, ikiwemo ya D3400. Pete yake ya fokasi haijaungana na vioo kwa meno. Ukiizungusha inatuma ujumbe tu kwenye kamera, na kamera ndiyo inayoamuru mota isogeze vioo. D5100 haijui kutoa amri hiyo, na Nikon haikuitolea programu ya kuifundisha. Ndiyo maana hata mkono haufui dafu.

Hali ya kamera nyingine za Nikon ni hii. D3400, D3500, D5600 na D7500 zinaielewa kikamilifu. D3300, D5300 na D5500 zinahitaji programu yake ya ndani iwe ya toleo jipya. D5200, D7100, D7200, D610 na D750 zinaitumia kwa mapungufu madogo: kwa mfano kamera ikijizima na kuamka, fokasi huwa imehama, unafokasi upya. D3100, D3200, D5000, D5100, D7000 na D90 haziwezi kabisa.

Irudishe, uombe AF-S 18-55 VR au VR II. Na ukiwa hapo dukani usikubali kuuziwa AF 50mm f/1.8D kwa kuwa ni rahisi. D5100, kama D3000 na D5000 zote, haina mota ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi hiyo itafokasi kwa mkono tu. Ya kwako ni AF-S 50mm f/1.8G.

Nimeonyeshwa Nikon D600 na D610. D600 ni nafuu sana, na ukiangalia sifa ni sawa. Kuna nini? (Mpiga picha, Mombasa)

Kuna mafuta. D600 ilitoka Septemba 2012, na haukupita muda wanunuzi wakaona madoa madogo ya kiza yanayojaa kwenye sensa, hasa kona ya juu kushoto ya picha. Vumbi na mafuta vilikuwa vinaruka kutoka kwenye shata. Oktoba 2013 Nikon ikaleta D610: sensa ileile ya megapikseli 24.3, pointi zilezile 39, nafasi mbili za kadi ya SD, betri ileile EN-EL15, lakini shata mpya. Ikaongeza kasi kutoka picha 5.5 hadi 6 kwa sekunde na modi ya mfululizo ya kimyakimya. Mwaka 2014 Nikon ikakubali kukagua, kusafisha na kubadilisha shata za D600 bila malipo, hata zilizopitwa na dhamana. Kwa hiyo D600 yoyote unayoshikishwa leo, ama ilitengenezwa ama haikutengenezwa, na bei haikuambii.

Jaribio lake ni hili. Weka ISO 100, modi ya A (unayochagua mwenyewe tundu la lenzi), f/22. Zima otofokasi, vuruga fokasi makusudi, elekeza kamera angani pasipo na wingu au kwenye ukuta mweupe. Piga, kuza picha hadi asilimia 100, pita kona moja baada ya nyingine. Madoa mawili matatu ni vumbi la kawaida la kamera yoyote. Sasa piga fremu 200 mfululizo kuelekea popote, kisha rudia picha ya f/22. Madoa yakiongezeka juu kushoto, shata bado inatema. Muuzaji asiyekuruhusu kupiga fremu hizo ameshakujibu.

Idadi ya shata nayo uisome. Nikon huiandika ndani ya kila picha: piga JPEG moja, ihamishie kwenye kompyuta, ifungue kwa ExifTool, tafuta mstari wa Shutter Count. Shata ya D600 na D610 imejaribiwa kwa mara 150,000. Hiyo si tarehe ya kufa, ila ikikaribia hapo, bei ishuke kwa gharama ya shata mpya. Ukikuta idadi ndogo kwenye bodi iliyochakaa raba na maandishi, muulize muuzaji kama shata ilibadilishwa. Kwa D600 hilo lingekuwa jambo jema.

Ukiichukua ikiwa na madoa, chaji betri ijae, chagua kwenye menyu kuinua kioo kwa usafi, inamisha mdomo wa kamera chini, upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, wala kwa kopo la hewa, kwani yote mawili huacha unyevu. Vumbi litaanguka. Mafuta hayatoki kwa upepo. Yanahitaji kijiti cha kusafishia sensa cha upana wa milimita 24 na tone moja au mawili ya dawa yake, upitishe mara moja kwenda, ukigeuze, mara moja kurudi, basi. Mtu akikusugulia mara kumi kwa pamba ya sikio, mnyang'anye kamera yako.

Ushauri wetu: tofauti ya bei ikiwa ndogo, chukua D610 ulale. Ikiwa kubwa na D600 ikafaulu majaribio mawili hayo, ni kamera nzuri ya fremu kamili kwa bei ambayo haistahili.

Nasikia Canon na Nikon wameacha kabisa DSLR. Nina 80D, lenzi nne za EF na EF-S na betri tano. Nihame sasa kabla hazijakosa soko? (Msomaji, Muscat)

Kasi ya matoleo imekatika, hilo ni kweli. Zamani Canon ilibadilisha daraja la 600D na 700D karibu kila mwaka. 850D na 1D X Mark III, zote za 2020, hazijapata mrithi wa DSLR, na mkuu wa Canon alishasema mwishoni mwa 2021 kwamba 1D X Mark III ndiyo ya mwisho ya daraja lake. DSLR mpya za mwisho za Nikon ni D780 na D6 za mwaka huohuo 2020. Sony iliachana na mlango wake wa A (mdomo wa lenzi wa DSLR zake) mwaka 2021. Pentax ndiyo iliyoendelea kutoa mpya: K-3 Mark III mwaka 2021 na ile ya picha nyeusi na nyeupe tu mwaka 2023. Juhudi za wengine zote zimehamia mirorlesi, yaani kamera zisizo na kioo ndani.

Lakini 80D yako haijui habari hizo. Inapiga picha 960 kwa chaji moja ukitumia kitazamio, kwa kipimo cha viwanda. EOS RP, mirorlesi ambayo wengi huhamia kwa kuwa ni nafuu, inapiga 250. Na betri zako za LP-E6 haziingii kwenye RP, inatumia LP-E17, sawa na R8, R10 na R50. Kwa mwenye 750D, 800D au 200D hiyo ni habari njema, betri zake anazo tayari. Wewe wa LP-E6 tazama R6 au R7. Betri zile za kwanza kabisa zisizo na herufi N mwishoni hufanya kazi humo, ila hazichaji kwa waya wa USB ndani ya kamera, zihifadhie chaja yake.

Lenzi hazipotei. Kutoka mdomo wa lenzi hadi sensa, EF ni milimita 44 na RF, ya mirorlesi za Canon, ni 20. Adapta ya Canon ya EF-EOS R ni bomba la milimita 24 zilizobaki, lenye nyaya lakini bila kioo ndani, ndiyo maana haipunguzi ubora. EF zitafanya kazi na fokasi zake. EF-S zitafanya kazi pia, lakini kwenye bodi ya fremu kamili kamera hukata kingo: RP ya megapikseli 26 inakupa 10 tu. Kwa lenzi za EF-S nenda R7 au R10. Upande wa Nikon adapta ni FTZ, na hapo mwenye lenzi za AF-D za zamani ajue zitafokasi kwa mkono.

Cha kuhofia ni kutengeneza, siyo soko. Kampuni hutangaza tarehe ya mwisho ya kupokea kila toleo kwa matengenezo, na baada ya hapo shata yako inategemea bodi mbovu ya kuchinjwa. Kwa hiyo kama 80D inakulipa, nunua betri mbili mpya za asili sasa zikiwa bado zinatengenezwa, lenzi zako zimulike kwa tochi kutoka nyuma uone kama kuvu imeanza nyuzi (hewa ya pwani ya Oman na ya kwetu haina huruma), na hama siku kazi itakapodai kitu 80D isichoweza: fokasi inayofuata jicho, au video ya 4K.

Duka moja linanitoza pesa “kuapdeti” 5D Mark II yangu ili iwe sawa na Mark III. Inawezekana? (Mpiga video, Bukavu)

Haiwezekani. Mark III ya 2012 ina pointi 61 za fokasi dhidi ya 9 za kwako, na nafasi ya kadi ya SD pembeni ya CF. Programu haioteshi vipande vya chuma.

Programu ya ndani yenyewe lakini ina thamani, na ni bure kwenye tovuti ya Canon. 5D Mark II ilipotoka 2008 ilirekodi full HD kwa fremu 30 kwa sekunde tu. Machi 2010 Canon ikatoa programu iliyoongeza fremu 24 na 25 na kurekebisha sauti kwa mkono. Kwako Bukavu, ambako umeme ni wa hezi 50, fremu 25 na shata 1/50 ndizo zinazoondoa mistari inayopanda na kushuka chini ya taa za mirija. Basi angalia kwanza kama unayo: weka modi ya P, nenda menyu ya mwisho ya njano, soma Firmware Ver. Ikianza na 1, sasisha.

Chaji LP-E6 ijae, toa mshikio wa betri kama unao. Fomati kadi ya CF ndani ya kamera. Pakua faili la 5D Mark II yenyewe, lifungue kwenye kompyuta upate lenye mwisho wa .FIR, ulinakili kwenye kadi nje ya folda zote, usiliingize kwenye DCIM. Ingiza kadi huku pini za CF ukizichungulia, iliyopinda moja inaweza kuua nafasi nzima. Rudi Firmware Ver., bonyeza SET, kubali, kisha usiguse kitu chochote, wala mlango wa kadi, mpaka iandike imekamilika. Ni dakika chache. Fomati kadi tena, chagua PAL kwenye Video system, na fremu 25 zitaonekana kwenye orodha ya ukubwa wa video.

Toleo la kwanza kabisa la programu hiyo, 2.0.3, Canon ililiondoa kwa sababu ya hitilafu ya sauti, ikatoa 2.0.4. Mtu akikupa faili kwenye flashi diski, hakikisha si hilo.